Korido Iliyofanana na Hospitali: Kisa cha Seti ya Kituo cha Anga

Siku tuliyotazama majaribio ya kamera, hakuna aliyesema neno kwa muda. Korido ya kituo cha anga tuliyoijenga kwa wiki 5 ilikuwa imenyooka kama rula, nyeupe, inang'aa, na mstari wa taa za buluu umepita chini ya kuta zote mbili. Mwongozaji aliomba picha zirudiwe, akatazama tena, kisha akasema anaona hospitali mpya ambayo bado haijapokea mgonjwa. Alisema kweli, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioichora korido hiyo.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa letu ni la kawaida mno katika tamthilia za anga, na kulirekebisha hakukuhitaji fedha nyingi. Kulihitaji tujue watu wa kituo kile wanaishije.

Tulichokuwa nacho

Tamthilia ilikuwa ya vipindi 8, na karibu matukio yote yalitokea ndani ya kituo kimoja. Mswada ulisema kituo ni duara kubwa linalozunguka ili watu wapate uzito, kina wakazi 200, na kimekaliwa kwa miaka 40. Wenzetu wa picha za kompyuta walikuwa wameshamaliza mwonekano wa nje: duara linakamilisha mzunguko mmoja kila sekunde 30. Sisi wa ndani tulikuwa na korido ya mita 12, upana mita 2.4, kimo mita 2.5, chumba kimoja cha kulala chenye dirisha, na kipande kidogo cha kitovu, kule katikati ya duara ambako uzito haupo. Zilibaki wiki 3 kabla ya kuanza kurekodi, na sehemu kubwa ya fedha za seti ilikuwa imeshaishia kwenye mbao, plaiwudi na rangi.

Dawa ya kwanza ikawa mbaya kuliko ugonjwa. Tuliongeza skrini 9, vitufe vinavyomulika, na vipande vya plastiki vyenye mikunjo mingi ili ukuta uonekane una mambo. Majaribio ya pili yakatoka: korido ni ileile, safari hii imejaa kama duka la vifaa vya umeme. Mwigizaji mmoja aliuliza kitu gani kinatokea akibonyeza kile kitufe chekundu. Hatukuwa na jibu. Kila mmoja wetu alikuwa ameweka kitu mahali kwa sababu kilimpendeza, basi.

Aliyetuvusha ni fundi mkuu wa useremala, mtu ambaye kabla ya kuingia kwenye kazi ya seti alifunga mifumo ya kupoza hewa majengoni. Alisimama katikati ya korido, akaangalia dari, akaangalia sakafu, akauliza, "Hewa inaingilia wapi humu, na inatokea wapi?" Tukatazamana. Korido ya kituo cha watu 200 haikuwa na tundu hata moja la hewa.

Hewa ndiyo mwenye nyumba

Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako watu wameishi bila kukatika tangu Novemba 2, 2000, feni zinavuma usiku na mchana. Pasipo uzito, hewa ya moto haipandi wala ya baridi haishuki. Mtu akilala mahali ambapo hewa haisukumwi, kaboni dayoksaidi anayoitoa inaweza kubaki imemzunguka usoni. Feni huvuta hewa kupitia nyavu, na kila kitu chepesi kilichomponyoka mtu husafiri polepole hadi kwenye nyavu hizo: nyuzi za nguo, nywele, karatasi, skrubu. Mwanaanga aliyepoteza kitu huanza kukitafuta pale. Usafi wa kila wiki, ambao kwa kawaida hufanywa Jumamosi, huwa pamoja na kupitisha mashine ya kuvuta vumbi juu ya nyavu hizo.

Kituo chetu cha kubuni kilikuwa na uzito, kwa hiyo hewa ya moto ingepanda kama kawaida. Lakini bado ni chombo kilichofungwa pande zote, na hewa yake lazima isukumwe, ichujwe na kurudishwa. Tukaamua: hewa safi inatokea darini, hewa iliyotumika inavutwa karibu na sakafu. Ule mstari wa taa za buluu tukaung'oa, na nafasi yake ikachukuliwa na nyavu za kuvutia hewa. Kila wavu una vifungo 2 vinavyogeuzwa robo mzunguko, na ukiuvuta, chujio linatoka kweli mkononi. Mpambaji wa seti akakusanya nyuzi za kijivu kutoka kwenye mashine za kukaushia nguo na kuzibandika juu ya nyavu, nyingi mbele ya milango ya vyumba vya kulala, chache sana kule kwenye lango la mwisho ambako watu hawasimami.

Sikutegemea jambo dogo namna hiyo lingekuwa na nguvu. Siku ya pili ya kurekodi, mwigizaji anayecheza fundi wa zamu alikuwa anapita akizungumza na mwenzake. Bila kuambiwa na mtu aliinama, akabandua utando wa nyuzi kwenye wavu, akautia mfukoni na kuendelea na maneno yake. Mwongozaji aliibakiza picha hiyo. Kitendo kile kilieleza miaka 40 ya kituo kuliko skrini zetu zote 9. Skrini 7 kati ya hizo tulikuwa tumeshaziondoa.

Baada ya hewa, swali la fundi lilizaa mengine. Bomba likipasuka, mtu anaingiza mkono wapi? Taa ikiungua, inabadilishwa na nani, kwa kifaa gani? Umeme ukikatika, mkono unashika nini gizani? Kila kitu kilichoshindwa kujibu swali la namna hiyo kiliondoka ukutani.

Paneli ya sentimita 105

Kuta zetu za mwanzo zilikuwa michoro ya vipande visivyolingana, kila kimoja na umbo lake. Zilivutia kwenye karatasi. Kituo halisi hakijengwi hivyo, kwa sababu kitu kinachoharibika lazima kitoke na kingine kiingie palepale. Ndani ya Kituo cha Kimataifa, vifaa vingi vimo kwenye makabati ya kipimo kimoja, kimo kama mita 2 na upana kama mita 1.05, na kabati zima linaweza kuhamishwa kutoka moduli moja, yaani kipande kimoja cha kituo, hadi nyingine. Tukachukua upana huo. Paneli 11 za sentimita 105 zilitupa mita 11 na sentimita 55, na sentimita 45 zilizobaki tukazifanya pete ya kuunganishia sehemu 2 za kituo.

Pete hiyo ilikuwa zawadi. Upande mmoja tuliweka paneli 6 za zamani, zenye skrubu zinazoonekana na kona zilizopigwa msasa na viganja. Upande wa pili paneli 5 mpya zaidi, zenye vifungo vya kubonyeza na rangi iliyokolea kidogo kuliko ile nyingine. Hakuna kituo kilichodumu miaka 40 ambacho sehemu zake zote zina umri mmoja. Zarya, moduli ya kwanza ya Kituo cha Kimataifa, ilirushwa Novemba 1998. Maabara ya Destiny ikafika Februari 2001. Dirisha kubwa la Cupola likaja Februari 2010. Ukipita ndani ya kituo hicho unavuka miaka na nchi, na macho yanaona.

Kwa wapigapicha paneli za kipimo kimoja zilikuwa nafuu nyingine. Paneli yoyote ilitoka kwa dakika chache, kamera ikapenya pale, kisha ikarudishwa. Zamani tulikuwa tunakata ukuta.

Lebo nazo zilibadilika. Zile za kwanza zilikuwa na herufi zisizo na maana, kwa imani kwamba hakuna atakayesoma. Watazamaji wa leo husimamisha picha na kuisoma. Ndani ya Destiny kila nafasi ya kabati ina jina: kifupi cha moduli, herufi inayoonesha kama ni kushoto, kulia, darini au sakafuni, kisha namba. Tukatunga mfumo wetu wa namna hiyo na kuufuata bila kupinda. Tuliongeza alama moja ambayo kituo kinachozunguka kingeihitaji, yaani mshale mdogo kwenye kila lebo unaoonesha duara linaelekea wapi. Nitaurudia mshale huo.

Unga wa chaki

Wapaka rangi wetu ni mahodari wa kukizeesha kitu kipya, lakini mkono wao ulizoea nyumba na magari. Walijua mvua inavyochirizika chini ya dirisha, kutu inavyoanza kwenye msumari, jua linavyobabua rangi, tope linavyorukia ukuta. Ndani ya kituo cha anga hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Mara ya kwanza walinyunyiza uchafu sawasawa ukuta mzima, na matokeo yakawa kama karatasi ya mapambo yenye picha ya uchafu.

Kinachochakaza korido ya anga ni mwili wa mtu na mzigo wake. Basi tukafanya jaribio. Watu 15 wa timu walipakwa unga wa chaki viganjani, mabegani na kwenye viatu, wakapewa masanduku, wakapita na kupishana koridoni kwa saa nzima. Tuliwaambia wapishane kwa haraka na wasijali kuta. Kisha tukawasha taa kubwa na kutazama.

Ramani ile ya chaki bado naikumbuka. Kona za nje za fremu ya lango zilikuwa nyeupe kabisa, kuanzia kiunoni hadi begani. Masanduku yaliacha mkanda mrefu wa alama kwa kimo cha paja, mzito upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu wengi walibebea mkono wa kulia. Chini ya milango ya vyumba kulikuwa na nusu duara za ncha za viatu, pale mtu mwenye mikono iliyojaa anaposukuma kwa mguu. Pembeni mwa kila mpini palikuwa na alama za vidole 4, upande wa juu tu. Na kutoka katikati ya paneli ya 3 hadi katikati ya ile ya 5 hapakuwa na kitu, karibu mita 2 za ukuta ambazo hakuna aliyezigusa.

Wapaka rangi walifuata ramani hiyo neno kwa neno. Zile mita 2 safi nilizitetea sana, maana mtayarishaji alitaka nazo zichakazwe ili zifanane na nyingine. Ukuta safi katikati ya uchakavu ndio unaomwambia mtazamaji kwamba uchakavu una sababu.

Hapo pia ndipo tulipoweka vitu vya watu. Wanaokaa mbali na dunia hubandika. Kwenye Zvezda, moduli ya Kirusi ya Kituo cha Kimataifa, ukuta mmoja kwa miaka mingi umekuwa na picha za Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, Korolev, mbunifu wa roketi, na Tsiolkovsky, mwananadharia wa safari za anga. Sisi tulibandika vitu vichache, vyote kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa, karibu na mahali pa kusubiri lifti, kwa kuwa pale ndipo mtu anapopata muda.

Sakafu inayopanda

Hapa ndipo tulipobishana zaidi. Duara linalozunguka mara 2 kwa dakika linahitaji nusu kipenyo cha karibu mita 224 ili mtu aliye sakafuni awe na uzito ule ule wa duniani. Kasi ya mzunguko imeshaoneshwa nje, kwa hiyo ukubwa umeshaamuliwa, na ukubwa ukiamuliwa, umbo la sakafu nalo limeamuliwa. Korido yetu ilifuata mzingo wa duara. Haikupaswa kuwa tambarare.

Wengine walisema hakuna atakayegundua. Nami naamini jicho hugundua hata pale ambapo mdomo hauwezi kueleza. Tulipopiga hesabu tukakuta jambo lenyewe si kubwa. Ukiweka sehemu ya chini kabisa katikati ya korido ya mita 12, kila ncha inapanda sentimita 8 tu, na mwinuko wa mwisho ni digrii 1 na nusu. Mwigizaji hayumbi, kamera inapita. Mafundi waliweka kabari chini ya sakafu kwa siku 2. Paneli nazo zilipunguzwa karibu sentimita 1 kwa juu, kwa sababu mistari ya kuta za duara huelekea kitovuni na hukaribiana kadiri inavyopanda. Ukisimama mbele ya paneli moja huoni chochote. Ukiangalia korido nzima kupitia lenzi ndefu, unahisi sakafu inakuja kukulaki.

Kazi kubwa ilikuwa upeo wa macho. Katika korido ndefu ya dunia, mtu anayekuacha hupungua hadi akawa nukta. Katika duara la mita 224 lenye dari la mita 2.5, dari lenyewe linashuka mbele yako na kukata mwono. Kichwa cha mtu anayeondoka kinamezwa na dari akiwa kama mita 35 mbele. Kifua kinafuata, kisha mapaja, na unabaki unatazama viatu vinavyotembea hadi vinapopotea kwenye kama mita 53. Tuliwapa hesabu hiyo watu wa kompyuta, wakarefusha korido kwa picha 3 tu katika mfululizo mzima. Kwingine kote tulifunga ncha kwa lango. Moja ya picha hizo ni ya baba anayeagana na mwanawe, na kinachobaki mwishoni ni miguu ya mtoto. Hakuna aliyeiandika hivyo kwenye mswada.

Vitu vinavyoanguka navyo vina tabia yake. Kikombe kikiachiwa kutoka kimo cha mita 1.5 ndani ya duara hilo hakitui chini ya mkono, kinatua karibu sentimita 12 nyuma, kinyume na upande ambao duara linaelekea. Ukimimina maji kutoka kimo cha sentimita 20, mchepuko ni kama nusu sentimita, haushughulishi. Kwa hiyo chai tuliiacha imiminwe kama kawaida, na kikombe kinachoanguka kwenye kipindi cha 4 mwigizaji alifanya mazoezi ya kukiachia huku akikisukuma kidogo kwa kiganja. Akisukumie upande gani? Kinyume na ule mshale kwenye lebo. Kufikia wiki ya pili, waigizaji walikuwa wanautazama bila kukumbushwa, na msimamizi wa mwendelezo, anayehakikisha vipande vya picha vinalingana, aliutumia kujua kamera imegeukia wapi.

Dirisha

Dirisha lilituumiza, na sijaridhika nalo hadi leo. Nyuma yake tulikuwa na kitambaa cheusi chenye nyota za taa ndogo. Kulikuwa na makosa 2. Chumba kikiwa na mwanga wa kutosha kurekodia, kamera ya kweli isingeziona nyota. Picha zinazopigwa mchana kutoka kwenye vituo halisi zina anga jeusi tupu. Na hata zingeonekana, zisingetulia. Duara linalomaliza mzunguko kwa sekunde 30 linazungusha anga kwa digrii 12 kila sekunde.

Tuliondoa nyota, kioo kikabaki cheusi na kumrudishia mwigizaji uso wake mwenyewe. Hilo lilikuwa zuri. Kisha mpigapicha mkuu akataka jua. Tukafunga taa kali kwenye mkono unaozunguka, na doa la mwanga likawa linapita juu ya kitanda, ukuta na dari, kisha linarudi, kila sekunde 30. Chumba kilipata uhai ambao sijawahi kuuona kwenye seti. Lakini mhariri alipoanza kuunganisha, doa liliruka: mtu anaanza sentensi mwanga uko begani, anaimaliza uko mlangoni, kwa sababu vipande 2 vilirekodiwa kwa nyakati tofauti. Kulilinganisha doa katika kila kipande kungekula siku nzima za kurekodi.

Suluhisho tulilolipata ni kifuniko. Madirisha ya Cupola yana vifuniko vya nje vya kuyakinga dhidi ya vijiwe na takataka za angani, kwa hiyo dirisha lililofungwa si uongo. Kwenye mazungumzo kifuniko kilibaki kimeshushwa. Kiliinuliwa tu pale tukio lilipochukuliwa kwa kipande kimoja bila kukatwa. Matukio hayo ni 5. Ningependa yangekuwa 15.

Sauti ya mbao, na kitovu

Sauti nitaisema kwa ufupi. Buti juu ya plaiwudi hulia kama sanduku tupu, na sikio halidanganyiki hata macho yakikubali. Tuliweka mpira mzito chini ya sakafu yote. Mvumo wa feni uliongezwa baadaye, ila kwenye mazoezi tuliupiga kwa spika ili waigizaji wazoee kupaza sauti kidogo, na walipoanza kurekodi kimya, kimo kile cha sauti kilibaki kooni mwao.

Kitovuni, kusiko na uzito, tulijiuliza kama kuna haja ya juu na chini. Historia imeshajibu. Kwenye Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwaka 1973, sehemu ya kutia nanga vyombo ilipangwa bila mwelekeo mmoja wa juu, na wanaanga walipata tabu nayo kuliko karakana kuu iliyokuwa na sakafu na dari. Galina Balashova, msanifu aliyebuni mambo ya ndani ya vyombo vya Soyuz na vituo vya Salyut na Mir vya Kisovieti, alitumia rangi kumpa mtu mwelekeo: sakafu iliyokolea, kuta nyepesi, dari jeupe. Tukafanya hivyo hivyo, kazi ikaisha kwa siku moja.

Lango na waya

Milango yetu yote ilikuwa ya plaiwudi ya milimita 12, iliyopakwa rangi ya chuma, inayoteleza kuingia ukutani. Mswada ulitaka ile ya mwisho izuie hewa isitoroke. Hewa ya kanieneo (msukumo) ya kawaida, kilopaskali 101, husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 10. Mlango wa mita 1 kwa 2 wenye ombwe, yaani pasipo hewa kabisa, upande wa pili unabeba tani 20. Plaiwudi ile haikuweza kumshawishi mtu.

Hatukuitupa. Tuliishusha cheo, ikawa milango ya vyumba, ya faragha tu, na tukaiacha ilie inapoteleza. Fedha zilizobaki zote zilikwenda kwenye lango moja la kweli: fremu nene ya sentimita 30, pembe za mviringo kwa sababu pembe kali hukusanya mkazo, bawaba zinazoonekana, na mkanda wa mpira mweusi kuzunguka ukingo. Linafungukia ndani ya korido, ili upande wa pili ukipoteza hewa, hewa iliyobaki huku ilibane lango lenyewe kwenye mpira. Waigizaji walilazimika kulivuta kwa mikono 2. Uzito wake ulikuwa halisi, na mabega yao yalionesha.

Kitu cha mwisho tulichoongeza kilitoka kwenye Mir. Juni 25, 1997, chombo cha mizigo cha Progress kiligonga moduli ya Spektr na hewa ikaanza kuvuja. Ndani walikuwamo Vasily Tsibliyev, Aleksandr Lazutkin na Michael Foale. Dawa ilikuwa kuitenga Spektr, lakini nyaya zilikuwa zimepitishwa katikati ya lango lake. Ilibidi nyingine zichomolewe na nyingine zikatwe kabla lango halijazibwa, huku masikio yakihisi hewa inapungua. Nyaya hizo hazikuwa uzembe wa mtu mmoja. Umeme ulihitajika upande wa pili, na njia iliyokuwapo ni ile.

Tukapitisha waya mmoja mnene mweusi kupitia lango letu zuri, tukaufunga kwa mikanda iliyofifia, kama kitu kilichowekwa kwa muda na kikazoeleka. Mtayarishaji aliuona na kuagiza uondolewe kwa sababu unaharibu mandhari. Mwandishi mkuu wa mswada alikuwapo. Aliutazama, akauliza ungefanya nini lango likihitajika kufungwa ghafla, tukamweleza habari ya Spektr. Waya ukabaki.

Katika kipindi cha 8, alichokiandika upya, wahusika 2 wako mbele ya lango lile na waya umelizuia. Tuliandaa nyaya 6 za kukatwa. Shaba ya ndani ilikuwa ya kweli, na kisu cha mwigizaji kilichukua sekunde 40 kuimaliza ya kwanza; mwongozaji hakusema kata, na hiyo ndiyo iliyotumika.